Malalamiko kuhusu sikio la stata mlilolivunja, mkalipaka rangi, kisha mkanisingizia mimi

Kwa Meneja Mkuu,
Kampuni ya Matengenezo ya Magari,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUVUNJWA KWA SIKIO LA BLOKU LINALOSHIKILIA STATA, NA KUDHALILISHWA MBELE YA WATEJA

Nakuandikia kwa heshima ambayo mimi sikuipata katika karakana yako. Masharti ya dhamana mnayajua, kwa kuwa ni ninyi mlioyaandika na kuyabandika juu ya dirisha la malipo, na kadi ya kazi ya gari langu iko mikononi mwenu, kwa hiyo sitapoteza wino kuyarudia. Mafundi wako wamevunja sikio la bloku, yaani kile kipande chenye tundu la bolti kinachotokeza kwenye mwili wa injini, linaloshikilia stata (mota ya kuwashia injini) ya pikapu yangu ya Chevrolet, wakalichomelea kinyume kabisa na namna chuma hicho kinavyochomelewa, wakaificha kazi hiyo kwa rangi, na lilipokatika tena msimamizi wako akasimama mbele ya watu akatamka kwamba nimelivunja mimi.

Injini yenyewe ni ile V8 ya petroli ya lita 5.7, ambayo Chevrolet walianza kuitoa mwaka 1967 na kuendelea nayo kwa miaka mingi. Katika injini hii stata haifungwi kwenye nyumba ya giaboksi kama ilivyo kwa magari mengi ya Kijapani mnayoyahudumia kila siku. Inafungwa chini ya bloku yenyewe kwa bolti mbili zinazopanda wima, na upande wake wa mbele, mbali na flaiwili (gurudumu zito lenye meno nyuma ya injini), kuna kishikizo kidogo kinachoiunganisha na ubavu wa bloku ili uzito wake, ambao kwa stata za zamani za aina hii unakaribia kilo 9, usining'inie kwenye bolti hizo pekee. Bolti zenyewe nazo si za kuokota popote: shingo zake zimechongwa mikato midogo midogo inayobana ndani ya tundu ili stata isicheze hata kidogo. Fundi aliyewahi kulala chini ya gari la namna hii anayajua haya, nami nayajua, kwa sababu gari hili ndilo linalobeba biashara yangu na tumelitunza tangu lilipoletwa kutoka Maskati.

Mliponibadilishia stata mlifunga bolti laini za kawaida, na kishikizo hamkukirudisha kabisa. Nililigundua hilo baadaye, tena si kwenu, bali mtaa wa Gerezani hapa Dar es Salaam, pale fundi mmoja mtu mzima alipoingia chini ya gari na kunionyesha kwa tochi mahali kishikizo kilipokuwa: alama safi ya chuma katikati ya bloku iliyojaa grisi ya miaka mingi. Hakuhitaji kunieleza zaidi. Kila ufunguo unapozungushwa, pinioni, ile gia ndogo ya stata, inaruka na kushika meno ya flaiwili, na nguvu yote ya kuizungusha injini ya silinda nane inarudi kwenye masikio yale mawili ya bloku. Stata iliyofungwa sawasawa inatulia. Stata inayocheza inalipiga sikio mara kwa mara mpaka lile la nje linakatika pamoja na bolti yake. Ndivyo lilivyokatika la kwangu, muda mfupi tu baada ya mimi kulipa Shilingi 680,000 na kukabidhiwa risiti yenye muhuri wenu.

Nilirudi kwenu chini ya dhamana, na mkalipokea gari bila ubishi. Nasisitiza kwamba mlilipokea bila ubishi, kwa sababu siku hiyo hakuna aliyesema kwamba nimevunja kitu. Mkaniambia nirudi jioni, na jioni nikaliona gari linawaka, sehemu ya chini imepakwa rangi nyeusi mpya, nikashukuru na kuondoka.

Sasa nifike mahali paliponifanya niandike. Sikio lilipokatika tena, gari lilivutwa kwa kamba hadi kwenu, nami nikaingia mapokezini nikiwa na kipande kile mkononi. Nilimsalimu msimamizi wako, nikamwekea kipande juu ya kaunta na kumwomba aniitie fundi aliyefanya kazi ile. Hakukitazama. Alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka nje walikokaa wateja wengine, kwamba gari hili ni bovu la kizamani na kwamba nimelipiga mwenyewe kwa nyundo nikitafuta kutengenezewa bure. Kisha akasema: "Mama, mlete mume wako nizungumze naye. Bloku si sufuria, haya mambo huyawezi." Nilimjibu kwamba mume wangu ni marehemu. Akajibu, "Basi mlete kaka yako," akacheka, na akamwita mlinzi anisindikize hadi getini.

Kuhusu sufuria, naomba umfikishie msimamizi wako haya machache. Bloku ya injini hii ni chuma cha kusubu, kile mafundi wanachokiita kastaini, chenye kaboni kati ya asilimia 2 na 4, na kaboni hiyo ndiyo inayokifanya kiwe kigumu lakini chepesi kupasuka. Ukikichomelea kikiwa baridi kwa vijiti vya chuma cha kawaida, vile vya kuchomelea mageti na madirisha, sehemu iliyo kando ya mshono inapoa ghafla, inakuwa ngumu na dhaifu kama kioo, na inapasuka pembeni mwa weldi hata kama weldi yenyewe imeshika. Kipande changu kimepasuka hivyohivyo. Mshono wenu uko salama, na chuma cha bloku kimekatika kando yake kwa mstari ulionyooka. Fundi wa Gerezani alikigeuza kipande mara moja akaniuliza ni nani aliyetumia kijiti cha mageti. Kama ningelipiga kwa nyundo, ningelipigaje kutokea ndani ya mshono uliofunikwa na rangi yenu?

Kazi hii ina njia zake na zinajulikana. Eneo hupashwa moto kwanza, huchomelewa kwa vijiti vya nikeli au kwa shaba nyeupe ya kuunganishia, kwa mishono mifupi mifupi inayogongwa taratibu ingali moto, kisha hufunikwa kwa majivu au mchanga mkavu ipoe polepole kwa saa nyingi. Baada ya hapo uso wa sikio huchongwa ulingane na mwenzake, tundu hutobolewa na kukatwa thredi upya, na nafasi kati ya pinioni na meno ya flaiwili hupimwa, kwa kuwa isipofika walau nusu milimita stata italia na kula meno, na ikizidi mno itateleza. Asiyetaka kuchomelea anaweza kuchonga sehemu iliyovunjika ikawa bapa na kufunga kipande cha chuma kilichotengenezwa maalumu. Kazi ya kuchomelea kwa hatua hizo zote haimaliziki kati ya asubuhi na jioni chini ya gari ambalo injini yake haikushushwa. Mliyoimaliza ninyi siku ile ilikuwa kupaka rangi.

Narudi mapokezini, kwa sababu sikueleza yote. Msimamizi wako alipomaliza kusema habari ya sufuria, alikichukua kipande changu kutoka kwenye kaunta na kukitupa ndani ya ndoo ya vyuma chakavu iliyo kando ya mlango. Binti yangu alikuwa amesimama karibu nami na aliona. Nilimwambia, nikiwa bado namwita ndugu, kwamba mume wangu ni marehemu na kwamba gari ni langu kwa jina na kwa kadi, na hapo ndipo alipocheka na kusema habari ya kaka. Kijana mmoja wa karakana, mwenye ovaroli yenu, aliinamisha kichwa akaondoka, na ninaamini alijua ni nani aliyeshika weldi. Nikainama mwenyewe mbele ya wateja wako, nikakitoa kipande ndani ya ndoo, rangi ikabanduka mkononi mwangu na mshono ukaonekana unang'aa chini yake. Nilimwonyesha. Alitazama pembeni, akamwita mlinzi. Mlinzi, ambaye ni mtu mzima wa umri wangu, aliniomba radhi njiani kuelekea getini, na huyo ndiye mtu pekee katika kampuni yako aliyeniomba radhi mpaka leo.

Nilipokusudia kuandika barua hii nilitaka mambo mawili tu: kurudishiwa fedha zangu zote, na sikio litengenezwe na fundi mwenye ujuzi wa kastaini kwa gharama zenu, pamoja na kishikizo na bolti za asili. Lakini fundi wa Gerezani amenionyesha ufa mwembamba unaoanzia kwenye mshono wenu na kupanda kuelekea ndani ya bloku, na ufa huo haukuwepo kabla ya moto wenu. Kwa hiyo sasa nadai bloku nyingine nzima iliyokaguliwa mbele yangu, injini ifungwe upya, na fidia ya mizigo ambayo wateja wangu wamelazimika kuwapa watu wengine wakati gari limelala. Kishikizo nacho nakidai. Ni mali yangu, kilifunguliwa karakanani kwenu, na hakuna aliyewahi kuniambia kiko wapi.

Nadai vilevile msimamizi wako aniombe radhi kwa maandishi, yeye mwenyewe kwa jina lake na sahihi yake, na barua hiyo ibandikwe mapokezini, mahali aliponitukana, kwa kuwa waliosikia tusi wana haki ya kusoma radhi. Sitakubali kupigiwa simu, wala kupunguziwa bei ya matengenezo yajayo, kwa sababu hakutakuwa na matengenezo yajayo kwenu.

Nawapa siku 14 tangu mnapopokea barua hii. Zikipita, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeipa jukumu la kumlinda mlaji, na kupaka rangi juu ya kazi mbovu ili ionekane nzima ni kumpotosha mlaji kwa maana yoyote ya neno hilo. Nitafungua pia madai mahakamani, na huko nitakwenda na kipande cha sikio, picha za ufa, risiti yenu na maelezo ya fundi wa Gerezani, ambaye amekubali kuja kusema alichokiona. Mkilipa fedha bila radhi ya maandishi, nitahesabu kwamba hamjanijibu, na madai yataendelea kwa jina la kampuni na kwa jina la msimamizi pia.

Majibu yaletwe kwa maandishi, mkononi mwangu. Sina kaka wala mume wa kunipokelea.

Mimi mwenye gari,
Mteja wenu wa zamani

Nakala: Tume ya Ushindani, Dar es Salaam