Kabla hujafungua tairi, soma hii ya breki

Kaka,

Mambo vipi, na wote hapo nyumbani hawajambo? Ujumbe wako nimeupata nikaona bora nikuandikie barua kabisa, manake breki sio kitu cha kujibiwa kwa mstari mmoja. Unasema ukikanyaga breki gari linapiga mluzi, na ukiwa kwenye spidi usukani unatetemeka, alafu unauliza kama unaweza kubadilisha mwenyewe nyumbani na kama unaweza kuweka pedi tu (zile zinazobana) na diski (sahani za chuma zinazozunguka na tairi) ukaziacha. La kwanza jibu ni ndio, unaweza kabisa. La pili inategemea diski zako zimebaki na unene gani, na hapo hatukisii, tunapima.

Huo mluzi mara nyingi ni kibati kidogo kilichowekwa kwenye pedi makusudi kabisa, pedi ikiisha ikabaki kama milimita 2 au 3 kile kibati kinaanza kugusa diski na kukupigia kelele. Pedi mpya inakuja na kama milimita 10 hadi 12 za ile nyama yake ya kusugua, ikifika 3 toa. Ila mluzi ukigeuka mkwaruzo mzito basi hapo ni chuma kwa chuma, gari lisitoke tena mpaka ufunge mpya. Diski nayo ukitazama ukingoni au kwenye ile sehemu ya katikati iliyonyanyuka utakuta imeandikwa MIN TH na namba mbele yake, huo ndo unene wa mwisho unaoruhusiwa. Pima kwa venia, kile kipimo cha unene, na upime pale pedi inaposugua, sio ukingoni kabisa, manake ukingoni panabaki kigongo ambacho hakijalika na kitakudanganya. Ikiwa imefika kikomo au imekaribia sana, au ina mifereji unayoisikia kwa kucha, weka mpya. Na unabadilisha kulia na kushoto kwa pamoja, usije ukafunga upande mmoja gari likawa linavuta ukikanyaga.

Sasa nikuambie kitu ambacho ndo sababu hasa ya barua hii. Kufungua na kufunga breki ni rahisi, bolti chache tu, mtu yeyote mwenye mkono mtulivu anaweza. Kazi yenyewe iko kwenye kusafisha, na hapo ndo wengi wanaruka, alafu baada ya kilomita elfu kadhaa usukani unaanza kutetemeka tena na wanasema diski mpya zimepinda, diski mbovu, duka baya. Mara nyingi diski haijapinda kaka. Kilichotokea ni kwamba walitoa diski ya zamani, wakapachika mpya juu ya habu (kile kitovu ambacho diski na tairi vinafungwa) yenye kutu, na ile kutu hata ikiwa nyembamba inatosha kuifanya diski ikae upande kidogo sana, ni kama sahani uliyoiweka juu ya kokoto. Hata sehemu moja ya kumi ya milimita inatosha kuleta shida. Diski inazunguka huku inayumba, kila mzunguko inagusa pedi sehemu ile ile hata kama hujakanyaga breki, inalika pale pale kidogo kidogo mpaka unene wake unatofautiana, na tofauti hiyo ndo unayoisikia mkononi. Kwahiyo ukishatoa diski chukua brashi ya waya na msasa usugue uso wa habu mpaka uone chuma kinang'aa, zungusha kidole pembeni mwa kila stadi (bolti) ya tairi manake kutu inapenda kujificha pale, alafu futa kwa kitambaa ndo uweke diski. Ukiharakisha vingine vyote hapa usiharakishe.

Tairi lenyewe unajua kulitoa. Gari liwe sehemu tambarare na ngumu, weka vigingi kwenye matairi yanayobaki chini, legeza nati kabla hujanyanyua, na ukishanyanyua weka stendi. Hapo naomba sana kaka, jeki ni ya kunyanyulia tu sio ya kushikilia gari, usiingize mkono wala kichwa kama stendi haipo.

Kalipa, yaani kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, ina bolti mbili nyuma, ukizitoa inanyanyuka. Ifunge kwa waya kwenye springi, usiiache ining'inie kwa mpira wa breki unaopitisha oili kwa sababu ule mpira unaweza kuchanika kwa ndani wala usione. Kabla hujatupa pedi za zamani ziweke pamoja uzitazame. Ya ndani ikiwa imelika sana kuliko ya nje basi pini ambazo kalipa inatelezea zimekwama, au pistoni, ile inayosukuma pedi, hairudi, na ukifunga pedi mpya bila kushughulikia hilo utazimaliza upesi hivo hivo. Zitoe zile pini, zifute grisi ya zamani yote, paka grisi maalum ya breki inayovumilia joto, grisi ya kawaida inayeyuka na inaharibu mipira. Ukizisukuma kwa vidole ziwe zinaingia na kutoka laini. Vile vibati ambavyo masikio ya pedi yanakaa navyo viwe visafi au weka vipya.

Diski ikigoma kutoka usiipige nyundo kama una hasira, tazama usoni mwake, nyingi zina matundu mawili yenye nyuzi, unaingiza bolti mbili za saizi yake unakaza moja kidogo na nyingine kidogo inasukumwa yenyewe. Na vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, vaa barakoa, lowesha kwa dawa ya kusafishia breki.

Diski mpya inakuja imepakwa mafuta ya kuzuia kutu, yaoshe yote pande zote mbili kwa hiyo hiyo dawa, na baada ya hapo usishike uso wake kwa mkono wenye grisi. Pistoni unairudisha ndani taratibu kwa klampu huku pedi ya zamani ikiwa katikati, na mfuniko wa tangi la oili ya breki uwe wazi, uangalie isifurike manake ile oili inababua rangi ya gari. Hayo ni ya mbele. Nyuma kama hendibreki inafanya kazi kwenye kalipa pistoni nyingi hazisukumwi, zinazungushwa huku zinaingia, na kama hendibreki ni ya umeme lazima kwanza uiweke kwenye hali ya matengenezo, ukilazimisha unavunja mota. Soma kitabu cha gari lako, na namba za kukazia bolti na nati chukua humo humo. Nati za tairi kaza kwa mtindo wa nyota, na kwa torki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), sio kwa kurukia spana.

Alafu hii usisahau hata ukisahau mengine. Kabla hujawasha gari kusogea, pampu breki mpaka pedeli iwe ngumu. Umerudisha pistoni ndani, kwahiyo mkanyago wa kwanza unazama mpaka chini na hamna breki kabisa, watu wamegonga ukuta kwa hilo. Kisha tazama oili iko kwenye alama. Pedeli ikibaki laini hata baada ya kupampu usitoke barabarani, kuna upepo umeingia au kuna sehemu inavuja.

Ikiwa sawa tafuta barabara tulivu, nenda kama 50 kwa saa, kanyaga kwa wastani mpaka ushuke kama 10 bila kusimama kabisa, ongeza tena mwendo, rudia mara nane au kumi hivi, alafu endesha kidogo bila kushika breki zipoe. Hapo pedi inaacha tabaka lake sawa sawa kwenye diski nzima. Kaharufu ka kuungua siku hiyo ni kawaida. Ukifika sogeza mkono karibu na kila rimu bila kugusa, moja ikiwa moto kuliko mwenzake rudi kwenye zile pini. Na baada ya kama kilomita 50 hadi 100 pima tena ukazaji wa nati.

Usinunue kitu kwanza. Fungua tairi moja, pima, nitumie ile namba ya MIN TH pamoja na kipimo chako na picha ya pedi ya ndani, nitakuambia kama ni pedi tu au ni vyote.

Wako,
rafiki yako wa siku zote