Nilimwoa au niliolewa naye?

Tanga,
Jumapili usiku

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi sana. Huku hatujambo, mvua zimeanza, na bati la jikoni linavuja palepale lilipovuja mwaka jana. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza jogoo wako aliwika juu ya swali lenyewe. Nikaona nikikujibu kwa simu nitapayuka nusu saa nzima, heri nikae niandike kama tulivyokuwa tukiandikiana zamani.

Kumbe unamsomea binti yako Jane Eyre, ile riwaya ya Kiingereza ya Charlotte Brontë, kwa Kiswahili, unafasiri huku unasoma, sura moja kila usiku. Hongera, mimi nisingeweza. Na sasa mmefika sura ya 38, ya mwisho, mmekwama kwenye sentensi ya kwanza kabisa, ile Jane anapomgeukia msomaji na kumpasha habari ya ndoa kwa maneno manne tu: "Reader, I married him." Ulisema "nilimwoa", binti akaangua kicheko: mwanamke haoi, anaolewa. Ukasema "niliolewa naye", ukaona mwenyewe sentensi imelala. Jibu langu ninalo, ila subiri kidogo. Kwanza nina ugomvi na wewe juu ya Rochester, huyo bwana harusi mwenyewe.

Lakini hata kabla ya huyo, nakuomba urudi nyuma urekebishe jambo moja. Umemwita Mrs. Reed, yule aliyemlea Jane, "shangazi". Siyo. Mjomba wa damu, ndugu wa mama yake Jane, ndiye aliyekichukua kile kitoto yatima, naye akafa. Aliyebaki ni mkaza mjomba. Kiingereza kinawafunga wote kwa kamba moja, sisi tunazo kamba zetu. Mwambie binti "mkaza mjomba" na nusu ya kazi imekwisha: ataelewa kwa nini mtoto wa miaka 10 anatupiwa kitabu na John Reed, mwana wa nyumba ile, mpaka kichwa kinatoka damu, kisha anayefungiwa kwenye chumba chekundu, chumba alichofia mjomba, ni yeye aliyepigwa. Yule mama hana cha kumfunga kwa Jane ila ahadi aliyomwahidi mumewe akiwa anakata roho. Ahadi ya namna hiyo huchacha upesi.

Shule ya Lowood, alikopelekwa Jane baadaye, nitaipita mbio, maana najua ulilia na mimi nililia. Uji ulioungua, barafu kwenye maji ya kunawia, rafiki yake Helen Burns kufia kitandani Jane amemkumbatia shingoni, mwenyewe kasinzia. Nakukumbusha tu kwamba Charlotte Brontë hakuyatoa hewani. Dada zake wawili, Maria na Elizabeth, waliugua wakiwa shule ya bweni ya watoto wa makasisi kule Cowan Bridge, wakarudishwa nyumbani, wakafa wote wawili mwaka 1825. Huyo Maria ndiye Helen. Kwa hiyo wanaosema Helen ni mwema kupita kiasi, hakuna binadamu wa hivyo, nawaacha waseme.

Haya, Rochester, mwenye jumba la Thornfield, anakoajiriwa Jane akishakua amfundishe mtoto Adèle. Nilipokuwa na miaka kumi na saba nilimpenda kuliko wewe, usinibishie. Mtu mzima, sura ya kawaida, amwulize msichana mwajiriwa wake kama anamwona mzuri, ajibiwe "hapana", naye asikasirike! Anazungumza na Jane kama mtu anayezungumza na mwenzake, na nadhani hapo ndipo sote tuliponaswa. Hata ule upuuzi wa kujifunga mitandio na kujifanya bibi kizee mpiga ramli, akaanza kuwasoma viganja wageni wake mwenyewe, tuliucheka tu. Siku hizi siucheki sana. Angalia alivyokuwa akifanya: yeye anamjua Jane mpaka moyoni, Jane anamjua yeye kwa kadiri anavyotaka ajulikane.

Na kuna hili neno "bwana". Jane anamwita hivyo tangu siku za kwanza kwa sababu ndiye anayemlipa, pauni 30 kwa mwaka. Akisimulia anasema "bwana wangu". Kwetu mwanamke akitamka "bwana wangu", watu wote jikoni wanajua anamsema mumewe. Binti yako lazima alikuuliza harusi ilikuwa lini! Mimi ningeandika "tajiri wangu", kama dereva wa daladala anavyomwita mwenye gari. Hapo ndipo mtu anapoona vizuri Rochester anapomposa Jane bustanini chini ya ule mti ambao usiku uleule radi inaupasua katikati: anayeposa ni tajiri, anayeposwa ni mtu wa mshahara.

Sasa twende juu darini.

Nilimsimulia dada yangu habari ya Bertha, mke wa Rochester mwenye wazimu anayefichwa huko, naye akauliza kama mtu yeyote wa huku angeuliza: "Sasa si angesema tu ana mke?" Uingereza ile kuoa wa pili wa kwanza akiwa hai ni jinai, lakini hilo halikuwa swali la dada. Hata kwenye ukewenza halali, anayefichwa ndiye anayeleta balaa. Na kumwacha Bertha hakuweza. Talaka kamili wakati kitabu kinatoka, mwaka 1847, ilitaka sheria ya peke yake ipitishwe bungeni, na wazimu haukuwa sababu ya talaka Uingereza mpaka sheria ya mwaka 1937. Nakukubalia kwamba baba yake na kaka yake walimwuza: walimpeleka Jamaika kijana wa miaka ishirini na kitu, wakamwoza binti wa tajiri wa mashamba kwa ajili ya pauni 30,000, habari za ugonjwa wa ukoo ule wakazinyamazia. Sawa. Lakini fanya hesabu: kwa mshahara wake Jane angemfundisha yule mtoto Adèle miaka 1,000 ndipo azifikie fedha alizokuja nazo Bertha. Na Bertha akishaolewa, zile fedha si zake tena. Zenyewe zimetoka kwenye mashamba ya Jamaika, na unajua nani walikuwa wakilima kule.

Usinijibu kwamba alimtunza. Hapa ndipo nataka uweke chini kikombe chako unisikilize, maana hili sikuliona nilipokuwa msichana. Unakumbuka mama mkubwa alivyokuwa miaka mitatu ile ya mwisho, akili ilipomhama. Tulikuwa watu wanne tunapokezana zamu, na bado usiku mmoja alifungua mlango akaenda zake, tukamkuta njia ya baharini na kanga moja, anasema anamfuata marehemu mumewe. Tangu siku hiyo ufunguo tukawa tunaufukia kwenye pipa la mchele. Kila asubuhi anayepika anauchimbua, ananawa mikono, anapima mchele. Watu wanne, somo, na tulichoka mpaka tukawa hatusalimiani.

Bertha alikaa kwenye chumba kile miaka 10, na mlinzi wake ni mmoja, Grace Poole. Mchana Grace, usiku Grace. Mtumishi mwenzake anasema mshahara wake mwenyewe haufiki hata humusi ya ule wa Grace, na sote tulisoma hapo tukadhani kuna jambo la kutisha. Sasa nasoma naona mama mtu mzima wa makamo, anashona pete za pazia mkono hautetemeki, anashuka jikoni mara moja kwa siku kula na kuvuta kiko, anapanda tena na jagi lake la bia. Ana chupa ya jini pembeni. Akilewa anasinzia, akisinzia funguo zinachomolewa mfukoni. Ndivyo kitanda cha Rochester kilivyochomwa moto, ndivyo Bertha alivyoingia chumbani kwa Jane siku chache kabla ya harusi, akajivika lile shela la thamani mbele ya kioo, kisha akalipasua vipande viwili akalikanyaga. Ndivyo hatimaye Thornfield yote ilivyoteketea. Na watu wanamlaumu Grace! Mwenye pauni 30,000 alishindwa kuajiri mtu wa pili wa zamu ya usiku? Angemwajiri, siri ingekuwa na mdomo mmoja zaidi. Alichokuwa akikibania ni siri. Rochester sijamsamehe hapo, na sidhani kama nitamsamehe.

Lakini nisije nikaonekana mchawi, kuna jambo moja namhesabia. Alikuwa na nyumba nyingine msituni, Ferndean, iliyojificha kuliko Thornfield. Angemtupa Bertha kule. Akaona ni mahali pa unyevu, pangemwua, moyo ukamkataza. Na nyumba hiyohiyo ndiyo anayokuja kuishi yeye mwenyewe baada ya moto, kipofu, mkono wa kushoto umekatwa, kwa sababu alipanda juu ya paa kumfuata mkewe amshushe, naye akaruka mbele ya macho yake.

Jane sasa. Harusi ikishavunjika kwa siri ile ya Bertha, anatoroka alfajiri na shilingi 20, zote zinaishia kwenye nauli, na bahasha ya nguo zake anaisahau ndani ya gari. Somo, mimi kila nikifika hapo nataka kumpigia kelele: mzigo wako! Siku mbili baadaye anamkuta mtoto wa kike anataka kumwaga uji uliopoa kwenye hori la nguruwe, anauomba, anapewa ukiwa umegandamana kama ulivyotoka sufuriani, anaula kwa mkono. Riwaya ngapi za mapenzi zina mwari anayekula uji wa nguruwe?

Halafu St. John Rivers. Ndugu wa baba yake Jane amefia Madeira na kumwachia pauni 20,000, na St. John na dada zake wakagundulika kuwa ni watoto wa shangazi yake, shangazi wa kweli safari hii. Jane anazigawa mara nne, 5,000 kila mmoja, bila kulazimishwa. St. John ni mzuri wa sura, mcha Mungu, na anaposa kama mtu anayekagua punda sokoni: una nguvu, una subira, utanifaa kazini India. Mtoto wa shangazi, msomi, hana mke. Wazee wa kwetu wangekuwa wameshapika pilau! Jane anamwambia atakwenda India kama dada yake, kama mke hapana. Huyu ndiye anayenitisha kuliko Rochester, kwa sababu hadanganyi. Anakuambia waziwazi hakupendi, kisha anakufanya uone Mungu mwenyewe anasubiri jibu lako.

Jambo moja ulipende, halafu nijibu swali lako. Agosti 1846 Charlotte alimpeleka baba yake Manchester kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho moja, bila dawa ya usingizi. Mzee akalazwa wiki kadhaa kwenye chumba chenye giza, amefungwa kitambaa usoni. Binti, chumba cha pembeni, akaanza kuandika Jane Eyre. Baba alipona akaona tena. Rochester naye mwishoni anarudishiwa kuona kwa jicho moja, anamwona mwanawe wa kwanza.

Sasa "nilimwoa" au "niliolewa naye". Jane anayekwenda Ferndean amekodi gari kwa fedha yake. Anamwambia Rochester kwamba ana mali na anajitawala, na kama hamtaki nyumbani kwake atajenga ya kwake mlangoni pake, naye jioni awe anakuja kupiga soga sebuleni kwake. Posa, kweli, inatoka kwa mwanamume, lakini ni kipofu anayeuliza kama atakubaliwa kushikwa mkono na kuongozwa njia nzima ya maisha. Kwa mtu huyo mimi naandika "Msomaji, nilimwoa", na binti akicheka mwache acheke, hata mwaka 1847 nadhani kuna waliocheka.

Ila usifunge daftari. Teremka mistari michache tu. Wametoka kanisani, walikuwa wao wawili, kasisi na karani, basi. Jane anaingia jikoni. Mary, mtumishi, yuko motoni anawamwagia kuku wawili mafuta yao, mumewe John anasugua visu. Jane anawaambia. Na kwa Mary, somo, nimekwenda kuangalia Kiingereza chenyewe nikacheka peke yangu na taa ya chemli: kwa Mary hasemi kama alivyomwambia msomaji. Kwa Mary kitenzi kimegeuzwa, ni "nimeolewa na Bwana Rochester leo asubuhi", kama mtu wa heshima anavyosema jikoni. Upawa wa Mary unabaki juu hewani kama dakika tatu, kuku wanaiva kivyao.

Kwa hiyo umpe binti vyote viwili, kila kimoja mahali pake. Na unapofika kwenye upawa soma polepole.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Jogoo umchinje.

Ni mimi,
Somo yako