Kabla hujatia sahihi

Langoni, Amu

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako niliupata Alhamisi nikausoma mara tatu. Unasema kampuni inataka uweke vifaa chini, uwe mkuu wa wahandisi wote wanaofunga mfumo wa rada za ulinzi wa pwani, nawe unaogopa kwamba ukishaingia ofisini, ufundi utakutoka mikononi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma maisha ya Simon Ramo, Mmarekani aliyezaliwa 1913. Mwaka 1953 yeye na mwenziwe Dean Wooldridge waliacha kazi kwenye kampuni ya ndege ya Hughes wakafungua kampuni yao, na mwaka uliofuata jeshi la anga la Marekani likawapa uhandisi wa mfumo mzima wa Atlas, kombora la kutoka bara hadi bara. Injini ilikuwa na waundaji wake, bodi na waundaji wake, vyombo vya kuongoza na waundaji wake. Ramo alibeba kile kisichokuwa na mwenyewe, yaani mahali kazi ya huyu inapokutana na kazi ya yule.

Hebu ona lililotokea Aprili 1957. Kombora la Thor, ambalo nalo watu wa Ramo walikuwa wakilisimamia, liliruka kutoka Cape Canaveral, kituo cha kurushia makombora huko Florida, bila kasoro. Afisa wa usalama akatazama chombo chake, akaona linageukia bara badala ya bahari, akalilipua. Kumbe kombora lilikuwa kwenye njia yake. Nyaya za kile chombo ndizo zilizounganishwa kinyume. Atlas nayo ililipuka mara mbili mwaka huo, Juni na Septemba, ndipo ikafanikiwa Desemba.

Mimi nimeyaelewa haya kwa sababu yalinifika. Mwaka juzi tulitia injini mpya kwenye boti ya abiria wa Faza. Injini niliifunga mimi, shafti ilichongwa na fundi mwingine, na kila mmoja alimaliza kazi yake safi. Tulipofika mlango wa Mkanda, maji yakitoka, boti ikaanza kutetemeka hata vikombe vikaanguka. Bolti mbili zikakatika, tukasukumwa hadi kwenye mikoko. Nilipopiga magoti na kumulika tochi, niliona giaboksi na shafti havitazamani. Juu vilikuwa vimebanana, na chini kadi ya simu ilipita bila kugusa. Hakuna aliyepewa kazi ya kupima pale katikati. Tulingoja maji hadi usiku, na kulikuwa na mama mwenye mtoto mchanga aliyelia njia nzima. Kilio kile ninacho mpaka leo.

Kwa hivyo kazi ichukue. Huendi kuacha ufundi. Unakwenda kushika sehemu yake ambayo wengi huiacha wazi.

Lakini liko jambo moja linanikera katika maelezo yako. Umesema kampuni hiyo hiyo itauza baadhi ya rada, kisha wewe, mfanyakazi wake, ndiye utakayezipima na kusema zinafaa. Hapana, ndugu yangu. Hata kampuni ya Ramo ilikatazwa kuunda vipande vya yale makombora iliyoyasimamia, na malalamiko hayakwisha, mpaka mwaka 1960 likaundwa shirika jingine lisilo la faida, Aerospace Corporation, kuishika kazi hiyo ya ushauri. Msimamizi asiwe muuzaji. Waambie wapimaji wawe watu wa nje ya kampuni, na iandikwe kwenye mkataba.

Najua pia lililo moyoni mwako ambalo hukuliandika. Atlas iliundwa kubeba bomu la nyuklia, na sitalipamba hilo. Ila Februari 1962 Atlas ndiyo iliyompeleka John Glenn kuizunguka dunia, na Thor ikazaa roketi za Delta zilizobeba setilaiti. Chombo hufuata anayekiagiza na anayekisimamia. Rada zako zitatazama bahari hii hii ya watu wetu. Mbao hairudishi mawimbi ya rada kama chuma, wewe wajua kuliko mimi. Basi wakija kukabidhiana, wasikuletee meli kubwa tu ya kujaribia. Dai ipitishwe mashua ya mbao, siku ya kusi kali, ionekane au isionekane mbele ya macho yako. Na ikionekana imepinduka huko Kiwayu, habari imfikie nani, kwa simu ipi, saa tisa za usiku? Hapo napo ni katikati, na hapana mwenyewe.

Mashua nitakutafutia mimi, na nahodha wake ni yule yule wa siku ya Mkanda. Amekubali kabla sijamaliza kumweleza. Wewe niandikie kwanza wamesemaje juu ya wapimaji, na usitie sahihi kabla ya hapo. Msalimie mama Malindi, mwambie tende zake zimo kwenye basi la Jumamosi.

Ni mimi nduguyo,
wa Langoni