Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wauza Vitu vya Kale, Arusha

Ndugu wajumbe wa kamati, ndugu wanachama wa Arusha na wenzetu mliopanda kutoka Moshi, nawasalimu nyote na kuwashukuru kwa kufika.

Hesabu za mwaka zitasomwa na mweka hazina, na mambo ya leseni na ushuru wa uwanja yamo katika taarifa ya katibu. Sitayarudia. Taarifa yangu ni ya jambo moja ambalo kamati imelifuatilia mwaka mzima kwenye masoko ya wazi: upangaji wa mabanda. Vitu tulivyo navyo ni vizuri, na baadhi ni adimu kweli, lakini wengi wetu bado tunavirundika. Pasi ya mkaa inakaa juu ya taipureta, taipureta inakaa juu ya sanduku la bati, na ndani ya sanduku mna picha ambazo hakuna atakayeziona. Banda la upana wa mita 3 mteja analimaliza kwa hatua nne hivi. Kama katika hatua hizo hajatambua hata kitu kimoja kilikuwa cha kazi gani, hasimami.

Panga kwa kazi ya kitu

Mabanda yaliyosimamisha watu mwaka huu ni yale yaliyopanga vitu kwa kazi vilivyoifanya pamoja. Mfano mzuri ni kona ya kahawa. Weka mashine ya kumenyea kahawa ya kuzungusha kwa mkono iwe kitu kikuu, mizani ya kuning'iniza juu yake, gunia la kilo 60 likiwa limekunjwa mdomo, na kando yake stakabadhi au kadi ya mkulima ndani ya mfuko wa nailoni. Mtu wa Kilimanjaro akiona hivyo hahitaji kuelezwa. Mgeni anahitaji mistari miwili tu: kwamba wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na umoja wao tangu 1925, na kwamba KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima hao, ulianzishwa Moshi mwaka 1933. Mashine hiyo hiyo ikiwekwa peke yake kati ya vikombe na redio, inaonekana chuma chakavu, na bei yake inashuka kuwa ya chuma chakavu.

Kona ya pili ninayoisisitiza kwa watu wa Arusha ni viko vya kuvutia tumbaku. Viko vya jiwe jeupe jepesi la Sinya, upande wa Longido, vilitengenezwa hapa hapa mjini, vingi vikiwa vimevishwa ngozi na kupigwa alama ya tembo. Ni kitu chetu, na bado tunavitupa kwenye bakuli moja na funguo na vifungo. Viko vitano juu ya kaniki, kila kimoja na nafasi ya upana wa kiganja, alama ya tembo ikitazama mteja, vinatosha. Usivioshe kwa maji, maana jiwe hilo linafyonza na ngozi inajikunja.

Sarafu nazo zinataka mpangilio. Seti ya kwanza ya shilingi ya Tanzania, ya 1966, ina senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura na shilingi moja yenye mwenge. Zipange nne kwa mstari, upande wa mnyama na mwenge ukiwa juu, na moja ya ziada ionyeshe picha ya Mwalimu Nyerere. Senti za Afrika Mashariki zenye tundu katikati ziwe mstari wake. Heleri na rupia za enzi ya Wajerumani ziwe kwenye kisanduku chenye kioo na kufuli. Msizisugue kamwe. Ndimu na chumvi huondoa ule weusi wa miaka, na mkusanyaji anayejua ataiacha sarafu hiyo mara moja. Kwa sinia za shaba nyekundu na nyeusi za nyumbani, sawa, zisugueni kwa kitambaa laini. Kwa sarafu, hapana.

Hema, upepo, maji na jua

Hapa ndipo vitu vingi vilipoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hema letu la kawaida ni mita 3 kwa 3. Vigingi vya chuma havishiki kwenye moramu iliyoshindiliwa wala kwenye lami, kwa hiyo kila mguu unahitaji uzito usiopungua kilo 20. Dumu la lita 20 lililojaa maji ni kilo 20, na kila mtu analo nyumbani. Kosa tunaloliona ni kuliweka dumu juu ya kisahani cha mguu na kuliacha hapo. Kisulisuli hakibebi hema kwa miguu, kinalibeba kwa paa. Miguu inabaki chini na viungio vya juu vinachomoka. Funga kamba kutoka kona ya juu ya fremu, ishuke wima hadi kwenye mpini wa dumu, uikaze mpaka dumu lianze kutaka kunyanyuka. Dumu lisining'inie hewani, kwa sababu likianza kubembea linapiga meza.

Wakati wa masika na vuli, hatari ni paa kulegea katikati. Maji ya kina cha sentimita 10 yakituama kwenye eneo la mita moja ya mraba ni kilo 100, na hakuna fremu nyepesi inayostahimili hilo. Punguza urefu wa miguu miwili ya nyuma kwa tundu moja ili paa liwe na mteremko, na vuta turubai kabla ya mvua. Kila banda liwe na karatasi ya nailoni iliyokunjwa chini ya meza. Mvua ikianza, kinachookolewa kwanza ni karatasi na picha, kisha nguo, kisha redio na mbao, kisha chuma. Vyombo vya enameli vinaweza kunyeshewa.

Kuhusu jua, sisi tuko karibu nyuzi 3 na nusu kusini ya ikweta, na wengi hawalitumii jambo hili. Mwezi Juni na Julai jua la adhuhuri linapita upande wa kaskazini. Banda lililofunguka kaskazini, lenye upindo wa urefu wa mita 2, huingiza jua karibu mita moja ndani, yaani juu ya meza yako yote ya mbele. Desemba linapita kusini, na kwa banda lililofunguka kusini huingia kama sentimita 70. Kwa hiyo pakiwa na uchaguzi, katikati ya mwaka funguka kusini, na mwisho wa mwaka funguka kaskazini. Jua la jioni la magharibi zuieni kwa khanga au kaniki iliyobanwa kwenye fremu. Kiangazi cha Moshi ni kikali zaidi kuliko chetu, na wenzetu wa huko wanalijua hilo kuliko sisi.

Santuri zisilazwe mezani. Zisimame wima ndani ya kreti, kivulini, zimebanana kiasi cha kutoinama. Joto huzipinda, na ikishapinda sindano hairudi kwenye mfereji. Vinyago vya mpingo vilivyotoka kwenye ghala lenye baridi na unyevu visipelekwe moja kwa moja juani, vinapasuka kwa urefu. Picha za asili zibaki kwenye faili, mezani ziwe nakala. Na hili la mwisho ni la moto: kioo cha kunyolea kilichobonyea, lenzi ya kukuzia maandishi, au chupa ya mviringo yenye maji hukusanya mwanga wa jua mahali pamoja na kuunguza kitambaa. Vyote vitatu vikae nyuma, au vifunikwe mpaka mteja aombe. Karabai na kandili zimwagwe mafuta kabisa kabla ya kupakiwa.

Meza, vitambaa na mgongo wa banda

Meza mbili za sentimita 180 kwa 75 zikiwekwa pembeni, kushoto na kulia, zinaacha njia ya mita moja na nusu katikati. Inatosha watu wawili kupishana. Meza ya tatu ikikaa nyuma, mpangilio unakuwa kama herufi U, na ndio tunaoupenda, lakini una kasoro yake: mteja mmoja akisimama mlangoni kupatana bei, banda zima limefungwa. Kwa soko lenye watu wengi ni bora umbo la herufi L, upande mmoja ukiwa wazi. Muuzaji asikae nyuma ya meza. Akae kona ya mbele iliyo wazi, na kadi ya lipa namba iwe hapo alipo.

Meza yenye kimo cha sentimita 75 ni fupi kwa vitu vidogo. Mteja anainama, anachoka, anaondoka. Ongeza miguu kwa vipande vya bomba mpaka ifike 90, au jenga ngazi juu yake kwa kreti za soda za mbao. Vitu vitatu vya maana zaidi vifike usawa wa macho, kama sentimita 150 kutoka ardhini. Vizito vikae chini. Cherehani ya Singer iwe na meza yake au ardhi yake, isipandishwe kwenye kreti hata kama inapendeza.

Kitambaa kisiwe cheupe, kwa sababu vumbi letu linaonekana baada ya saa moja na mwanga unaumiza macho. Kisiwe pia kitenge chenye maua makubwa chini ya vyombo vyenye maua. Kaniki inafaa kwa shaba, kioo na fedha. Gunia linafaa kwa chuma na mbao nzito, ila nyuzi zake hunasa nakshi. Kwa meza ya 180 kwa 75 yenye kimo cha 75, inayofunikwa mbele na pembeni, kata mita 3.25 kwa mita 1.47, inashuka ikiacha kama sentimita 3 kabla ya ardhi, ili isinywe tope. Nyuma ya kitambaa hicho ndipo masanduku matupu yanapofichwa.

Mgongo wa banda unaotumika vizuri ni fremu tatu za mbao za inchi 2 kwa 2, kila moja sentimita 60 kwa 180, zimewambwa waya wa kuku na kuunganishwa kwa bawaba. Zikikunjwa kidogo kama zigizagi zinasimama zenyewe, zikinyooshwa zinaanguka. Hata hivyo zifungeni kwenye fremu ya hema sehemu tatu. Kulabu za umbo la S zinabeba vikombe, funguo, mizani ndogo na khanga za zamani. Khanga itundikwe kwa vibanio juu ya kijiti, jina lake lisomeke lote.

Lebo na sheria

Lebo iwe ya karatasi ngumu na uzi wa pamba, iandikwe kwa penseli au wino usiochuja. Stika zimeng'oa vanishi ya redio nyingi. Iseme kitu ni nini, kilitumika wapi au kilitengenezwa wapi, kina kasoro gani, na bei. Kasoro iandikwe kabla mteja hajaigundua. Kinyago kipya kilichopakwa rangi ya viatu kisiitwe cha kale. Kiwe kwenye meza yake, kimeandikwa "kipya", na kitanunuliwa tu. Nakala ya sarafu ya dhahabu ya Tabora ya 1916 iandikwe "nakala".

Wapo wanaotamani mlango wa nakshi uwe mgongo wa banda. Ni wazo zuri, lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940, pamoja na vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Bila kibali, haviuzwi wala havisafirishwi nje. Mlango mpya wa fundi wa mjini utafanya kazi hiyo hiyo. Pembe za ndovu, magamba ya kasa na ngozi za wanyamapori zisionekane mezani hata kama ni mali ya babu. Sheria ya wanyamapori ya 2009 haitazami umri wa bangili.

Maazimio tunayoyaleta kwenu

Kamati inaomba mkutano upitishe manne. Hema lisilo na uzito kwenye miguu yote minne lisifunguliwe. Njia kati ya banda na banda ibaki mita 1.2 tupu. Kila kitu cha thamani kiwe na lebo yenye kasoro. Vitu vinavyokatazwa na sheria mwenye banda aondoe mwenyewe, na akikataa afungiwe nafasi.

Madumu ya chama na fremu mbili za waya wa kuku zinapatikana kwa katibu. Atakayeazima azirudishe zikiwa kavu, maana waya ukifungiwa na maji unapata kutu na kuchafua khanga za atakayefuata.