Majina ya mitaa Tanga yaandikiwe habari zake

Ndugu Mhariri, salaam. Naomba nafasi kidogo gazetini.

Kule Japani, magharibi mwa Tokyo, kuna mtaa unaitwa Kichijoji, jina la hekalu la Kibudha, lakini ukienda hekalu lenyewe hulikuti! Mwaka 1657 moto mkubwa uliteketeza mji wa Edo, ndo Tokyo ya leo, hekalu likajengwa upya Komagome na lipo huko mpaka sasa, ila watu waliokuwa wanaishi jirani na geti lake wakahamishiwa ardhi ya kulima Musashino, wakaenda na jina lao. Leo pale ni stesheni ya treni, maduka, na bustani ya Inokashira yenye bwawa ambalo mto Kanda unaanzia hapo. Miaka yote hiyo na jina ni lile lile, na habari yake imeandikwa.

Sisi je? Vijana wa Makorora, Chumbageni, Ngamiani wanataja hayo majina kila siku wakipanda bodaboda, ukiwauliza yametokea wapi kimya, na wazee wanaojua ndo hao tunawazika. Mtaani kwetu kibao kilishang'oka zamani, imebaki nguzo yenye kutu watu wamefungia kamba ya kuanikia nguo, inauma kwa kweli.

Wahusika waweke vibao vipya, chini ya jina iandikwe mistari miwili mitatu, na kabla ya hapo waende wakakae na wazee barazani wawarekodi hata kwa simu tu.

Mkazi wa Makorora, Tanga