Asante, mzee wa maktabani
Mzee wetu, shikamoo na asante. Kitabu kimoja kilisema Wabolsheviki, chama cha Lenin, walitwaa madaraka Urusi tarehe 25 Oktoba 1917, kingine 7 Novemba. Tulikuwa tushakiita cha kwanza kiongo. Ukavuta kiti, ukauliza kila tarehe inafuata kalenda gani, ukatuhesabisha kwa penseli: ya kalenda ya zamani ya Julius Caesar, jumlisha siku 13 upate ya kalenda yetu ya leo. Kumbe siku ni ileile! Ukatuonya: 13 si ya kila karne; miaka ya 1800 ni 12, ya 1700 ni 11. Tena Uingereza, kabla ya 1752, mwaka ulianza 25 Machi, hivyo Februari 1720 yao kwetu ni 1721. Hapo hata wajuzi huteleza. Wenye ujuzi kama huo, msiwapite wanafunzi waliokwama. Karatasi yako bado tunayo.