Kinanda cha mabomba kisitupwe kwa sababu kimenyamaza

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako tuseme neno kuhusu vinanda vya mabomba, vile vinavyolia kwa upepo unaopulizwa ndani ya mabomba, hasa kwa wazee wa kanisa wanaoshauriwa kuuza kinanda cha zamani kwa wanunuzi wa vyuma chakavu na kununua cha umeme. Anayetoa ushauri huo mara nyingi hajawahi kufungua hata mara moja sanduku la upepo, lile linaloyabeba mabomba na kuyagawia upepo. Kwetu vinanda hivi ni vichache, kama kile cha kanisa la Mkunazini, Zanzibar, na cha kanisa la All Saints, Nairobi. Kikishavunjwa kimoja, hakuna wa kutujengea kingine kama hicho.

Mfano unaotufaa kuliko yote upo Bonn, Ujerumani. Karakana ya ukoo wa Klais ilianzishwa mwaka 1882 na Johannes Klais, ikarithiwa na Hans, kisha Hans Gerd, na sasa Philipp, kizazi cha nne. Mwaka 1973 ilipokea kinanda cha mianzi kutoka Las Piñas, Ufilipino, kilichojengwa na Padri Diego Cera kati ya 1816 na 1824. Kina mabomba 1,031, na 902 kati yake ni ya mianzi. Matetemeko ya ardhi na vimbunga vilikuwa vimekiumiza vibaya. Mafundi hawakukifanyia kazi katika hewa ya Bonn. Walitayarisha chumba chenye joto na unyevu wa Ufilipino, wakakitengeneza humo, kikarudi kwao mwaka 1975. Hadi leo kinapigwa.

Chumba kile kina maana kubwa kwetu tunaoishi pwani. Mbao hunywa unyevu zikatanuka, hewa ikikauka zikasinyaa. Kinanda kilichozoea unyevu wa asilimia 75 au 80 kwa miaka mingi, kikifungiwa kiyoyozi kinachowashwa Jumapili na kuzimwa Jumatatu, ubao wa juu wa sanduku la upepo hupasuka. Ndani ya sanduku hilo kila noti ina mfereji wake. Ufa ukipita kati ya mifereji miwili, upepo huvuja, na noti ya jirani husikika ikinung'unika chini kwa chini. Huo ndio ugonjwa tunaouona zaidi, na chanzo chake mara nyingi ni kiyoyozi kilichonunuliwa kwa nia njema.

Noti inayolia yenyewe bila kuguswa ni jambo jingine, na dawa yake huwa rahisi. Chini ya kila mfereji kuna vali ya mbao iliyovishwa ngozi, inayosukumwa na springi. Punje ya mchanga au kinyesi cha mjusi kikikaa kwenye ngozi, vali haifungi. Vilevile waya unaoivuta ukikazwa mno, vali hubaki wazi kidogo. Legeza kwanza nati ya waya huo. Noti ikiendelea kulia, fungua sanduku, safisha ngozi kwa brashi laini na upime springi. Ngozi ikiwa imekauka na kuwa ngumu, ibadilishwe na ngozi ya kondoo ya unene uleule.

Gundi nayo ina neno lake. Mafundi wa kale walitumia gundi ya ngozi, inayoyeyushwa kwenye maji ya moto wa nyuzi 60 hivi bila kuchemka. Ubora wake ni kwamba fundi wa miaka 100 ijayo ataibandua kwa joto na maji kidogo tu. Gundi nyeupe ya makopo haibanduki hivyo. Ukitaka kubadilisha ngozi ya mvukuto, unang'oa na mbao. Nyufa pia zisijazwe mchanganyiko wa vumbi la mbao na gundi. Huchongwa kijiti cha mbao ya aina ileile, kikabandikwa kwenye ufa, kikapigwa randa hadi kiwe sawa na ubao.

Kabla ya kung'oa bomba lolote, lipigwe picha mahali pake na liandikwe: urefu, kipenyo, upana na kimo cha mdomo (uwazi wa mbele ambapo sauti huzaliwa), unene wa bati, tundu la mguuni. Shinikizo la upepo lipimwe kwa mrija wa maji. Vinanda vingi vya kale vya Ulaya vina milimita 60 hadi 90 za maji. Fundi anayeliongeza ili kinanda "kiwe na nguvu" huyafanya mabomba yapige kelele na kurukia noti ya juu, kisha hulazimika kuchonga midomo. Mdomo uliochongwa haurudi. Mabomba ya bati na risasi huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni nyepesi, bila steelwool wala asidi. Unga mweupe miguuni mwa bomba la risasi si vumbi: risasi inaliwa na asidi inayotoka kwenye mbao kama mwaloni au kwenye gundi fulani. Ukiusugua tu bila kuondoa chanzo, mguu utasinyaa na bomba litainama.

Kulinganisha sauti kufanyike katika joto la saa ya ibada. Bomba la kawaida linalotoa hezi 440 (mitetemo kwa sekunde) kwa nyuzi 20 litatoa karibu 447 kwa nyuzi 30, ilhali yale yenye ulimi wa shaba unaotetemeka ndani hubadilika kidogo sana. Kwa hiyo siku ya joto rekebisha yenye ulimi, ambayo ni machache, na uyaache mengine. Kugongagonga ncha za juu za mabomba madogo ili kuyalinganisha kila mwezi ndiko kunakoyapasua.

Kazi hii Wajerumani huisomea miaka mitatu na nusu, karakanani na katika shule ya ufundi ya Ludwigsburg, na mwaka 2017 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Vijana wa Ufilipino waliokwenda Ulaya kujifunza walirudi wakafungua karakana yao, Diego Cera Organbuilders, na sasa wanahudumia vinanda vya nchi yao wenyewe. Makanisa yetu yanaweza kuchangiana na kupeleka maseremala wawili watatu kwa njia hiyohiyo.

Kabla wakati huo haujafika, mkataba wowote wa matengenezo uwe na mambo haya: orodha ya vipimo ikabidhiwe kanisa kabla ya malipo ya kwanza, kila kipande kilichoondolewa kibaki kanisani ndani ya sanduku lenye jina lake, na gundi itakayotumika itajwe kwa maandishi.

Mafundi na wapiga kinanda,
Dar es Salaam